Simu ipo ukutani, namba haijulikani: namna ya kuipata namba ya simu ya mezani kwenye nyumba ya kukodi Unguja na Pemba

Nyumba umeshahamia, na ukumbini kuna simu ya mezani, au tundu lake tu ukutani. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam au Muscat, mpangaji aliyetoka hapokei simu, na fomu ya skuli ya mtoto inataka namba ya nyumbani. Mkasa huu hujirudia sana Mji Mkongwe, Michenzani, Chake Chake na Wete, kwa sababu laini nyingi ziliungwa zamani kwa jina la mtu ambaye hakai tena hapo.

Shika jambo moja kabla hujagusa skurubu yoyote: namba haimo ndani ya simu. Imefungwa kwenye laini, yaani ile jozi ya nyaya mbili inayotoka ukutani kwako mpaka mtambo wa simu. Chukua simu iliyokuwa ikitumika Mlandege, uichomeke kwenye tundu la nyumba ya Mkunazini, itapiga na kupigwa kwa namba ya Mkunazini. Ndiyo maana kibandiko kilicho mgongoni mwa simu hakiaminiki. Huenda simu hiyo ililetwa na mpangaji wa tatu nyuma, pamoja na namba ya nyumba yake ya zamani.

Ijue pia sura ya namba unayoitafuta. Namba ya simu ya mezani ya Zanzibar, Unguja na Pemba pamoja, huanza na 024, kisha zinafuata tarakimu 7. Jumla ni tarakimu 10. Anayepiga kutoka nje ya nchi huondoa sifuri ya mbele na kuanza na +255 24. Baada ya 024, namba nyingi za mjini Unguja huanza na 223, na nyingi za Pemba huanza na 245. Ukikuta kwenye daftari au ukutani namba iliyoanza na 054, huo ni msimbo wa zamani wa Zanzibar na hautumiki tena, kwa hiyo usiijaze kwenye fomu. Na namba yoyote iliyoanza na 06 au 07 ni ya laini ya kadi, kama ya simu ya mkononi, hata kama simu yenyewe imekaa mezani. Habari zake ziko mbele.

Dalili: simu ina mlio, ila namba ndiyo haijulikani

Hii ndiyo hali ya watu wengi, na dawa yake ni ya dakika mbili. Jibipu.

Nyanyua mkonga, usikilize mlio mrefu usiokatika. Piga namba ya simu yako ya mkononi, zote 10 kuanzia na 0. Simu ya mkononi ikilia, iache ilie mara mbili tatu, kisha rudisha mkonga bila kupokea. Namba iliyobaki kwenye orodha ya simu zilizokosewa ndiyo namba ya laini. Inaweza kuonekana kama 024 na tarakimu 7, au kama +255 24 na tarakimu 7. Ni kitu kimoja.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Namba iliyotokea kwenye skrini inakwambia simu ilitokea wapi, lakini haithibitishi kwamba mtu akiipiga itakulilia wewe. Kwa hiyo ipige hiyo namba kutoka simu ya mkononi, na mtu asimame karibu na simu ya mezani. Ikilia, ukanyanyua, mkasikilizana, namba ni yako. Iandike hapo hapo kwa kalamu isiyofutika, uibandike chini ya mkonga pamoja na tarehe.

Ukibonyeza tarakimu na mlio wa laini haukatiki, angalia ubavuni au chini ya simu. Simu nyingi zina swichi ndogo ya T na P. Iweke kwenye T. Katika P simu hutuma mapigo ya mtindo wa zamani, na mitambo mingine haiyaelewi.

Dalili: umejibipu, lakini skrini inasema namba imefichwa

Sababu ya kwanza ni laini kuwekewa huduma ya kuficha namba, jambo ambalo liliombwa na mtu fulani wakati fulani. Mara chache kosa hutokea njiani, namba ikapotea simu inapovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Jaribu kujibipu kwenye simu ya mtandao tofauti, na baadaye kwenye simu nyingine ya mezani yenye kioo.

Ikiendelea kufichika, piga 100, huduma kwa wateja ya Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), kutoka kwenye laini hiyo hiyo. Mweleze mhudumu kwamba umehamia kwenye nyumba hiyo na unaomba kujua namba ya laini unayopigia. Kupiga kutoka kwenye laini yenyewe kuna uzito kuliko kupiga kwa simu ya mkononi, maana unaonyesha kwamba upo nayo mkononi.

Dalili: namba iliyotokea haianzi na 024

Igeuze simu. Ikiwa ina kifuniko cha betri na kijitundu cha kadi, basi ni simu ya mezani ya kadi. Haina haja ya waya wa simu, inataka umeme tu. Namba yake hufuata kadi, na kadi imesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole za mtu. Ikiwa mtu huyo si wewe, usiitoe namba hiyo kama ya nyumbani kwako, wala usiifungulie akaunti ya pesa. Mrudishie mwenye nyumba kadi yake, usajili yako. Mwenye kadi anaweza kupiga *106# akahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wenye nyumba wengi hushangaa wakikuta laini walizokwisha kuzisahau.

Hali nyingine, hata namba ikianza na 024, hupatikana kwenye nyumba zilizowahi kuwa gesti au ofisi: kisanduku cha kugawa simu. Dalili yake ni kwamba lazima ubonyeze 9 au 0 kwanza ndipo upate mlio wa nje. Namba inayotokea hapo ni ya laini kuu, na simu yako ni tawi tu. Anayeipiga namba hiyo atapokewa na aliye kwenye simu kuu, pengine jamaa wa mwenye nyumba huko chini. Muulize mwenye nyumba tawi lako ni namba ngapi.

Dalili: namba unayo, ukiipiga simu ya nyumbani hailii

Hapa pana mambo mengi, nayo tuyapange kuanzia yanayotokea zaidi.

Kengele imezimwa. Tafuta swichi ya sauti, mara nyingi ubavuni, yenye alama tatu: juu, chini, kimya. Mpangaji aliyekuwa na mtoto mchanga aliizima na kuiacha hivyo. Kagua hilo kabla ya lolote.

Mkonga wa simu nyingine umekaa vibaya. Nyumba za zamani zina matundu mawili matatu kwenye laini moja, na ghorofani au stoo huenda pana simu iliyoangukiwa na nguo. Mkonga mmoja tu ukiwa wazi, anayepiga husikia kwamba laini inatumika. Chomoa simu zote, bakisha moja, jaribu tena.

Simu zimezidi. Simu za zamani zenye kengele ya chuma hula nguvu nyingi za mlio. Tatu nne kwenye laini moja, zote hulia kwa unyonge au hazilii kabisa.

Simu zinaelekezwa kwingine. Aliyetangulia aliagiza simu zake zifuate namba nyingine, na agizo hilo hubaki kwenye mtambo hata yeye akishahama. Utaijua kwa sababu atapokea mtu usiyemjua. Mwombe radhi, mwulize kwa heshima kama aliwahi kukaa nyumba hiyo, kisha ombeni kwa 100 agizo lifutwe.

Simu inalia mara moja, kisha inanyamaza, na anayepiga anasikia kimya kana kwamba umepokea. Huo ni unyevu. Maji yakiingia kwenye kiungo, umeme kidogo huvuja kati ya nyaya mbili. Mtambo unapotuma mlio, huona uvujaji ule kama mkonga ulionyanyuliwa, ukakata kengele. Hutokea zaidi masika na vuli, na hupungua jua likiwaka siku mbili tatu. Pamoja nao utasikia mkwaruzo, kama mtu anayekunja karatasi sikioni mwako.

Dalili: inalia kwa jirani

Ukipiga namba uliyoipata, ukasikia simu ikilia nyumba ya pili, simama hapo hapo. Ama jozi zimebadilishana kwenye kisanduku cha nguzo, ama mtu aliunga waya kwenye laini isiyo yake. Kila simu utakayopiga inaingia kwenye ankara ya jirani. Chomoa, bisha hodi, mwambie jirani ulichokikuta, na muende pamoja ofisi ya simu. Usifungue kisanduku cha nguzo ukajaribu kutenganisha mwenyewe. Ndani yake zimo laini za mtaa mzima.

Dalili: matundu mawili, namba mbili

Nyumba ya Mji Mkongwe iliyokuwa ya ukoo mmoja na sasa imegawanywa kwa wapangaji wanne huwa na laini zaidi ya moja. Jibipu kutoka kila tundu, uandike kwenye karatasi: tundu la ukumbini, namba hii, tundu la juu karibu na ngazi, namba ile. Halafu muulize mwenye nyumba ipi inakuhusu.

Waya wenyewe nao husaidia. Waya wa nyuzi nne wa ndani ya nyumba, laini ya kwanza kwa kawaida hutumia nyekundu na kijani, na ya pili nyeusi na njano. Waya wa jozi zilizosokotwa, jozi ya kwanza ni buluu na nyeupe yenye mstari wa buluu, na ya pili ni rangi ya chungwa na nyeupe yenye mstari wa chungwa. Ila rangi ni ushahidi dhaifu. Fundi aliyeishiwa na waya huunga kwa alichonacho, kwa hiyo mwenye kauli ya mwisho ni bipu.

Dalili: mlio upo, lakini simu haitoki

Ukisikia sauti iliyorekodiwa, isikilize mpaka mwisho. Mara nyingi laini imefungwa isipige nje kwa sababu ya deni au salio kuisha, huku bado inaweza kupigwa. Kwa hiyo bipu haiwezekani. Jaribu 100. Ikishindikana, njia iliyobaki ni karatasi: ankara ya zamani. Mtumie mwenye nyumba ujumbe wa wazi, asibaki kubahatisha unachotaka: "Shikamoo bibi. Naomba, ukiwa na ankara yoyote ya simu ya nyumba hii, hata ya miaka ya nyuma, uipige picha unitumie. Nahitaji namba ya laini na jina lililoandikwa." Ankara moja hubeba namba na jina la mteja, na hivyo ndivyo vitu viwili ofisi itakavyouliza.

Kama ni deni la aliyetangulia, usilipe kwanza ndipo uulize. Ukilipa, deni limekwisha lakini laini bado ni ya jina lake.

Dalili: kimya kabisa, hakuna mlio

Laini isiyo na mlio haiwezi kujitaja. Anza na vitu vya bure.

Kama simu ni ya mkonga usio na waya, kitako chake lazima kiwe kimechomekwa kwenye umeme, na betri za mkonga hufa zikikaa miezi bila chaji. Azima simu ya kawaida yenye waya, ile isiyotaka adapta. Simu ya namna hiyo hupata umeme wake kutoka mtambo wa simu, kwa hiyo inafanya kazi hata umeme wa nyumba ukikatika. Ndiyo kipimo bora cha laini ya shaba, na fundi mzuri hutembea nayo.

Badilisha waya mfupi wa kutoka ukutani kwenda kwenye simu. Kile kiplagi cha plastiki kina ulimi unaolia "tik" ukishika. Ulimi ukivunjika, plagi huteleza milimita mbili nyuma na mguso unapotea, ingawa kwa macho unaona imeingia.

Kama kuna filta ya intaneti, kijisanduku chenye matundu mawili, hakikisha simu iko kwenye tundu la simu na modemu kwenye la modemu. Kisha iondoe filta kabisa, uchomeke simu moja kwa moja ukutani.

Bado kimya? Sasa fungua kifuniko cha soketi, skurubu mbili. Usifungue kama mbingu zinanguruma, wala kama mikono imelowa. Angalia pale nyaya mbili zinaposhikwa na skurubu. Shaba nzima hung'aa kahawia. Shaba iliyoliwa na chumvi huota unga wa kijani, na ukiigusa kwa ncha ya bisibisi hukatika kama njiti. Kuta za mawe na chokaa hushika unyevu, na nyumba zilizo karibu na bahari hupata hili mapema zaidi. Kata kipande kilichooza, menya sentimita moja ya shaba safi, rudisha kila waya palipokuwa, kaza bila kulazimisha.

Mwenye multimita, yaani kipimo cha umeme, apime hivi. Chomoa simu, filta na modemu zote. Weka mita kwenye DC ya volti 200, gusa nyaya mbili. Laini nzima husoma karibu na volti 48. Chochote kati ya 44 na 54 ni cha kawaida. Alama ya kutoa mbele ya namba inamaanisha umegeuza ncha za mita tu. Ukichomeka simu na kunyanyua mkonga, volti hushuka mpaka kati ya 5 na 12 hivi. Ukisoma 48 lakini simu ni kimya, mbovu ni simu au waya wake. Ukisoma 20 au 30 na hakuna kilichochomekwa, kuna uvujaji au simu iliyosahaulika mahali. Ukisoma 0, waya umekatika au laini iliondolewa kwenye mtambo.

Volti 48 hazitishi, lakini simu ikipigwa ukiwa umeshika nyaya, mlio hufika volti 75 hadi 90 za AC, na hurusha mkono. Shika mpira wa waya, usishike shaba. Na ukisoma DC zaidi ya 60, au AC yoyote bila mtu kupiga, weka mita chini. Huenda waya wa simu umegusana na waya wa umeme juu ya paa au kwenye uchochoro. Usiguse tena chochote, waweke watoto mbali, na piga simu Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO) pamoja na ofisi ya simu. Nguzo usipande, hata kama ngazi unayo.

Dalili: hakuna waya wa shaba, kuna kisanduku cha faiba

Simu huchomekwa kwenye tundu la kisanduku lililoandikwa TEL au PHONE. Ile namba ndefu yenye herufi kwenye kibandiko, karibu na mistari ya bei ya dukani, ni namba ya kifaa. Watu wengi huinakili wakidhani ni ya simu. Namba ya simu huingizwa kwenye kisanduku na kampuni. Kama taa ya simu haiwaki, huenda huduma ya simu haikuombwa kabisa, na namba haipo.

Taa nyekundu ya LOS maana yake mwanga haufiki. Angalia kama waya mwembamba umebanwa na kabati au umekunjwa kwa pembe kali, uulegeze. Usiuchomoe, na usichungulie ncha yake: mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru. Kisanduku hiki pia hutaka umeme. Ukikatika, simu nayo inakatika, labda uwe na betri ya akiba.

Ofisi inakataa kukutajia namba

Wana haki. Namba imefungamana na jina la mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wailinde. Nenda na mwenye nyumba, au na barua yake yenye nakala ya kitambulisho. Chukua mkataba wa kukodi, Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi au cha Taifa, na barua ya sheha inayoonyesha unaishi pale. Chukua pia picha ya alama zilizoandikwa kwenye kisanduku ambapo waya wa nyumba unaingilia, ukiipiga kutoka chini. Mafundi hufuatilia laini kwa alama hizo hata pasipo na jina.

Ukifika, uliza maswali mawili kwa mpigo: laini hii ni namba ngapi, na je, bado iko hai kwenye mtambo? Laini iliyokatwa siku nyingi huweza kuwa imeshapoteza namba yake, na namba hiyo kupewa mteja mwingine. Hapo omba laini mpya kwa jina lako, ukitumia waya ule ule kama fundi ataupima na kuuona mzima.